Gogo Halikoromi

Wanasema: kalala kama gogo.
Mume wangu ndiyo kazi yake, magogo,
lori zima kwa safari, kutoka Kuusamo hadi kiwandani Kemi,
na mimi nimeyaona magogo yakilala.
Gogo halikoromi.
Gogo halikati pumzi saa nane za usiku
likakuacha umekaa kitako gizani, unahesabu,
kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja,
mpaka lije lile guguno, msumeno unaogoma kuwaka,
na Tauno arudi duniani
bila habari kwamba aliondoka.

Miaka tisa nimehesabu.
Usiku mmoja nilifika hamsini na mbili.
Sikumwambia mtu.

Novemba lori liliacha barabara lenyewe, karibu na Posio,
likaingia kwenye theluji taratibu,
kama mtu anayetafuta mto wa kulalia.
Polisi alipofungua mlango alimkuta anakoroma,
taa zinawaka, redio inasoma hali ya hewa.
Leseni ikachukuliwa.

Sasa kuna kijisanduku cha kijivu kando ya kitanda.
Muuguzi Henriikka alituelekeza mara mbili:
kiwe chini kuliko mto, maji yasije yakamrudia puani;
maji yenyewe yawe yale ya kutia kwenye betri, si ya bomba;
mikanda usiikaze kama unafunga mzigo.
(Hapo alimtazama Tauno. Tauno akatazama buti zake.)
Ndani mna kadi, ndogo kama ukucha,
inaandika kila saa anayolala na kila pumzi inayokwama.
Saa nne kwa usiku, siku tisini,
ndipo daktari atie sahihi.
Nikaitazama ile kadi.
Mwenzangu, nikasema moyoni. Karibu kazini.

Barakoa ikavuja. Ndevu, alisema Henriikka kwenye simu.
Tauno akaingia sauna na wembe,
akatoka na kidevu ambacho sikuwa nimekiona
tangu mwaka tuliooana:
kidogo, cheupe, chenye kovu la baiskeli.
Nilicheka. Kisha nikaona haya,
kana kwamba mgeni ameingia chumbani nami nimevaa nguo ya kulalia.

Usiku wa kwanza: saa moja na dakika arobaini.
Aliing'oa usingizini, akaitupa,
ikabaki sakafuni inapuliza zulia.
Usiku wa pili bomba likaanza kugugumia,
maana sisi hulala dirisha wazi, hata baridi iumeje,
na mvuke ukigusa baridi hugeuka mvua.
Mvua ndogo ikanyesha ndani ya pua ya mume wangu.
Maneno aliyoyasema siyaandiki.
Kesho yake nikachukua sufu iliyobaki kwenye sweta la mjukuu,
nikalifuma bomba soksi,
soksi ya mita mbili isiyo na kisigino.

Usiku wa sita nilishtuka saa nane, kwa mazoea.
Nikaanza: moja, mbili,
na kabla ya tatu pumzi ikaja.
Moja, mbili, ikaja tena.
Hakukuwa na cha kuhesabu.
Nililala macho wazi kama mlinzi
aliyeambiwa ghala limeshauzwa,
mikono haijui iwekwe wapi.
Kijisanduku kilinong'ona tu,
kama mtu apulizaye uji wa mtoto upoe.
Sikumbuki mengine.

Asubuhi kavua barakoa.
Mistari mekundu mashavuni, nywele zimesimama,
macho, sijui niseme nini juu ya macho,
yalikuwa yamefika.
Akanitazama muda mrefu.
"Irmeli," akasema, "kuna jambo sikuwahi kulijua.
Unakoroma."